Lilikuwa beseni, siyo pipa

Kwanza kabisa lilikuwa BESENI. Beseni la plastiki la bluu, yale makubwa ya kuogeshea watoto. Siyo pipa. Na sikuwa nimelewa. Nasema mapema kwa sababu kuna mtu, simtaji, ila anauza dawa na anajijua, voisi yake ya dakika nne imeshafika mpaka kwa mashemeji zangu Masasi, anasimulia eti nilijitosa kwenye pipa la uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho, nikaanza kuogelea. Sikuogelea jamani. Nilikaa tu.

Haya. Mnajua tangu nipate ile baiskeli ya mtumba kutoka Dar, ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo na tairi za milimita 40, mi nimekuwa mtaalamu. Utaalamu wenyewe sijui ulitoka wapi, nadhani ulikuja na pedali. Nikajipa kazi ya kupanga njia za vumbi za baiskeli huku kwetu Mtwara, kila mtu na uwezo wake. Ya wanaoanza, ya waliozoea, na ya watu wasiojipenda. Hiyo ya mwisho ni Newala, unashuka pale Shimo la Mungu kuelekea bonde la Ruvuma, unafurahi weee upepo masikioni, afu ukifika chini unakumbuka nyumbani ni juu. Ya waliozoea ni Msimbati kupitia Madimba kwenye mitambo ya gesi. Na ya wanaoanza nikasema tutoke mjini, Naliendele, tuchepuke mashamba ya korosho, tuibukie Mikindani tunywe chai na vitumbua, turudi na lami kilomita kumi tambarare, watu majumbani kabla jua halijawa kali.

Sasa niliijuaje kwamba ni ya wanaoanza? Nililala kitandani nikaangalia ramani kwenye simu. Hakuna mlima. Mstari umenyooka mzuri. Nikaandika kwenye grupu kwa herufi kubwa RAHISI, HATA MAMA MJAMZITO. Wadau, mlima kwenye ramani unauona. Mchanga huuoni.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tuko wanane. Nimevaa jezi nyeupe, kumbukeni hiyo nyeupe. Nikaanza na hotuba, mnanijua. Nikawaambia Livingstone alianzia safari yake ya mwisho hapo hapo Mikindani tunapoenda, 1866, akaingia bara na hakurudi tena, alifia huko Zambia 1873, lakini sisi saa tatu tutakuwa tumerudi. Afu nikaingia kwenye somo la pedali. Mi peke yangu ndo nilikuwa na viatu vya kung'ang'ania, vile vyenye chuma chini kinabana kwenye pedali, na ukitaka kutoa mguu unapeleka kisigino nje. Nikawaonyesha, nimeegemea ukuta, "kisigino nje, kama unazima sigara, tak, umetoka." Kuna mzee wetu mstaafu wa bandarini, anakuja na Foniksi yake ileile ya miaka yote, akauliza, "Na kisipotoka?" Nikacheka. Nikamwambia mzee wangu, hakiwezi kukosa kutoka.

Ila kuna kitu sikuwaambia. Usiku wake nilikuwa nimeikaza ile skrubu ya pedali mpaka mwisho kwa sababu kuna mzungu kwenye video alisema wanaoshindana wanakaza. Mi nashindana na nani Mtwara hii? Na upepo nilijaza mpaka tairi ukilipiga konzi linalia kama ngoma, nikidhani baiskeli ngumu ndo inakimbia.

Mpaka Naliendele raha tupu. Tukachepuka. Mwanzoni ardhi imeshikana vizuri, mikorosho huku na huku, msimu wa mabibo huu kwahiyo harufu mnaijua, ile tamu inayoanza kuchacha, mekundu na ya njano yametapakaa chini. Nikaongeza mwendo niwaache kidogo, kiongozi lazima aonekane kwa mbali. Nikakata kona.

Hapo mbele, chini ya mkorosho mkubwa, kina mama watatu wanakamua mabibo. Bibi mmoja kakaa kwenye kigoda, kanga kajifunga kifuani, mbele yake beseni la bluu limejaa juisi mpaka karibu na ukingo, povu juu, nyuki wanazunguka. Na kati yangu na bibi kuna mchanga. Siyo mchanga wa kusema kuna kamchanga. Ule mweupe laini kama unga wa muhogo uliochekechwa.

Tairi la mbele likaingia. Lingekuwa na upepo mdogo lingelala juu ya mchanga likapita, lakini langu lilikuwa jiwe, likakata kama kisu kwenye siagi. Nilikuwa naenda ishirini, nikaenda kumi, nikaenda tano, nakanyaga kwa nguvu zote na baiskeli inaenda polepole zaidi. Mbili. Sifuri.

Sasa baiskeli ikisimama na wewe uko juu yake kuna sekunde moja hivi ya amani. Huendi mbele, hurudi nyuma, huanguki. Nikaitumia kufikiri. Kisigino nje. Kimekataa. Nikajaribu cha kushoto, kisigino nje, kimekataa. Nikarudi cha kulia nikakisokota mpaka goti likalia, wapi. Nikaanza kulala upande wa kulia, taratiibu, kama mnazi uliokatwa ambao bado haujaamua. Bibi ananiangalia. Namwangalia. Hajashtuka hata kidogo, kashika bibo mkononi. Na hapo, nikiwa angani, nimeinama kama nusu hivi, malezi ya mama yangu yakanitoka mdomoni yenyewe:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," akaitika, "baba una..."

Hakumalizia. PWAA.

Makalio ndo yalitangulia. Beseni lilinipokea kama limepimwa kwangu. Ya baridi, hilo sikutegemea. Juisi ikaruka juu ikanirudia usoni, nikaimeza kiasi (kwahiyo hiyo sehemu ya "alikunywa" siikatai), na miguu yote miwili bado imebanwa kwenye pedali, baiskeli imenilalia juu, gurudumu la nyuma linazunguka tik tik tik. Siwezi kunyanyuka. Nikijaribu kunyanyuka baiskeli inanirudisha. Nikajaribu mara tatu na kila nikirudi beseni linasema plop na juisi nyingine inamwagika.

Kina mama wale wawili walishajilaza chini kwa kucheka, mmoja analia kabisa. Bibi ndo hakucheka. Alinyanyuka, akanizunguka, akaangalia miguu yangu, akauliza kwa sauti ya huruma kweli, "Wamekufunga nani, mwanangu?"

Hapo ndo wanafunzi wangu wakakata kona. Wote saba. Muuza dawa wa kwanza, simu ipo mkononi tayari, sijui aliitoa saa ngapi. Na yule mzee wa bandarini alipouona mchanga alishuka kwenye Foniksi yake kwa utulivu, akaisukuma mpaka upande wa pili, akaipaki kwa stendi, akaja kunifungua kamba za viatu. Hakusema kitu. Angesema ningejisikia vizuri zaidi. Viatu vikabaki vinaning'inia kwenye pedali, mi nikatoka na soksi. Kuna katoto kalikuwa kanapita na ndoo ya korosho kichwani kakageuka kakasema, "Mjomba, toa upepo." Kana miaka kama minane.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Beseni lilipasuka ukingo, juisi imemwagika, nikamlipa bibi elfu ishirini kwa simu, mjukuu wake ndo alipokea. Mikindani kwenye chai mwenye mgahawa alininusa akaniuliza nimeanza saa ngapi, saa tatu hiyo asubuhi. Nyuki wawili walinisindikiza mpaka mjini. Mke wangu hakunifungulia, alinipitishia sabuni dirishani. Ile jezi nyeupe, na nyie mliolelewa huku mlichapwa kwa sababu ya madoa ya mabibo mnajua hayatoki, sasa hivi ina doa la kahawia la duara kamili makalioni hadi mgongoni na mwanangu anaiita ramani ya Afrika.

Skrubu nimelegeza. Upepo nimetoa. Njia nimeifuta RAHISI nikaandika KATI, muuza dawa naye kaniongezea kwa chini "leta taulo."

Na jana jioni simu imeita, namba siijui. Ni yule bibi, alisema kaiona kwenye ujumbe wa ile hela. Nikajua hela haikutosha. Hapana. Alitaka tu kujua Jumamosi hii tunapita saa ngapi, ili awahi kusogeza mabeseni.