Mlango wa Bibi na Ndizi Iliyosimama

Fumba macho, uujenge akilini mlango wa nyumba uliyolelewa. Mimi hunijia wa nyumba ya bibi, Mji Mkongwe: mbao nzito zilizochongwa maua, misumari mikubwa ya shaba iliyopigwa kwa safu, na komeo lililolainika kwa kushikwa. Nauona wazi kabisa. Je, kuuwazia hivi kunatofautianaje na kuuona kwa macho? Siku moja, nikiwa mbali nao, nikajaribu kuihesabu misumari ya safu ya chini. Mara ya kwanza nikapata minane, mara ya pili tisa, na hesabu zote mbili nilizipanga mwenyewe. Nilipofika nikachutama, nikahesabu kwa kidole: saba, kisha tundu jeusi pale msumari ulipong'oka. Tundu lile halikuwamo kichwani mwangu.

Hapo ndipo ninapoachana na David Hume. Mwaka 1739, mwanafalsafa huyo wa Uskoti aliandika kwamba yaletwayo na milango ya fahamu hutofautiana na picha za akilini kwa nguvu na uhai tu: kuona kuna ukali, kuwazia kumefifia. Mwenyewe alikiri kwamba usingizini, katika homa na katika wazimu, picha za akilini hukaribia ukali ule. Naona kasoro ni kubwa kuliko alivyokiri. Adhana ya alfajiri ya msikiti wa mbali huja imefifia, ikipeperushwa na upepo, lakini nimeisikia. Sura ya marehemu humjia mfiwa kwa ukali wa kumtoa machozi, wala hakuna mtu mlangoni.

Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa wa Ufaransa, alisogea karibu zaidi mwaka 1940. Alichukua kwa Alain, mwanafalsafa mwenzake wa Ufaransa, mfano wa mtu anayedai kuliona akilini jengo la Panthéon la Paris, lakini akiambiwa azihesabu nguzo zake, hawezi. Picha ya akilini, alisema Sartre, haimfundishi mwenye nayo kitu; kilichomo ni kile alichokitia. Kitu kinachoonekana kina ziada: kizunguke, kisogelee, kitakupa usichokitia.

Ningependa kuishia hapo, lakini upande wa pili una hoja nzito. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyo hakuona ung'ongo kwanza, kisha akamuwazia nyoka. Kilichomrusha ni nyoka moja kwa moja. Kuwazia kumeshaingia ndani ya kuona. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alilishika jambo hili mwaka 1781, aliposema kuwazia ni kiungo cha lazima cha kuona kwenyewe. Hata pale kwa bibi, macho yangu yalipata upande mmoja tu wa mbao, nami niliona mlango mzima.

Linalonisumbua zaidi ni jaribio la mwanasaikolojia Cheves Perky wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, lililochapishwa mwaka 1910. Aliwaketisha watu mbele ya kioo chenye ukungu, si cha kujitazamia, akawaambia wakikazie macho huku wakiwazia kitu fulani, ndizi mathalan. Kumbe picha hafifu ya ndizi ilikuwa ikimulikwa kutoka nyuma, ikiongezwa nuru kidogo kidogo mpaka ionekane. Wakaieleza kama picha waliyoijenga wenyewe. Wengine walistaajabu kuwa ndizi imesimama wima, ilhali walidhani wameiwazia imelala.

Wapo wanaolitumia jaribio hili kudai kwamba mpaka haupo. Mimi nalisoma vingine. Mpaka ulikuwepo: ndizi ile iliwapa kitu wasichokitia, kama tundu langu. Walichoshindwa ni kuutambua. Kwamba kuona si kuwazia ni jambo moja. Kwamba anayewazia hujua kuwa anawazia ni jambo jingine, na Sartre aliyashika yote mawili kana kwamba la kwanza huja na la pili.

Kwa hiyo shahidi akisema "niliona kwa macho yangu mawili", uwazi wa picha yake haunitoshi. Ningemuuliza aliona nini ambacho hakukitarajia. Na hata akinijibu, bado ningetaka kwenda mwenyewe, nichutame mbele ya mlango.