Gigabaiti moja, bei mbalimbali: seva ikae wapi?

Chukua tovuti ya kawaida. Ukurasa wake una megabaiti 2, picha zikiwemo, na kwa mwezi unafunguliwa mara 500,000. Hiyo ni terabaiti 1 (gigabaiti 1,000) inayotoka kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Kwa bei zinazotangazwa na Amazon, inayokodisha seva, gigabaiti inayotoka Virginia au Frankfurt ni senti 9 za dola. São Paulo ni senti 15. Cape Town senti 15.4. Ukitoa gigabaiti 100 za kwanza, ambazo hazilipiwi, bili ya Virginia ni dola 81 na ya Cape Town dola 138.60. Picha ni zilezile.

Wauzaji wa seva wana hoja yao: bei hufuata mahali seva ilipo. Intaneti ni maelfu ya mitandao iliyounganishwa, na data ikitaka kuvuka kutoka mmoja kwenda mwingine kuna njia mbili: kumlipa msafirishaji mkubwa aifikishe, au mitandao hiyo ikutane mahali na kubadilishana bila kudaiana. Frankfurt kuna kituo cha DE-CIX, Amsterdam AMS-IX, London LINX, na mamia ya mitandao hukutana humo. Penye vituo vidogo, au pasipokuwa na wa kukutana naye, inabidi kununua nafasi kwenye mkongo wa baharini, na mkongo haujengwi kwa sadaka.

Hata hivyo, mahali pekee hapaelezi kila kitu. São Paulo ina mojawapo ya vituo vikubwa zaidi duniani vya kubadilishana data, cha IX.br, na bado senti 15 ziko palepale. Tena msafirishaji mara nyingi hamtozi muuzaji wa seva kwa gigabaiti. Kasi hupimwa kila dakika 5, asilimia 5 ya vipimo vya juu kabisa hutupwa (kama saa 36 kwa mwezi), na kipimo cha juu kinachobaki ndicho kinacholipiwa. Kwa hiyo gigabaiti iliyopita usiku wa manane, njia zikiwa tupu, haimwongezei muuzaji gharama yoyote, lakini wewe unaikuta kwenye bili. Na wala huhitaji kuvuka bahari kuona tofauti: kampuni ya Hetzner, kwenye seva zake za Ujerumani, huweka terabaiti 20 ndani ya kifurushi cha mwezi. Terabaiti ya dola 81 Frankfurt, kwa jirani yake imo ndani ya ada. Pengo hilo ni kubwa kuliko lile la Frankfurt na Cape Town, na kwangu mimi linaonyesha kuwa sehemu nzuri ya bei hizi ni uamuzi wa muuzaji kuliko gharama ya waya.

Basi wengi huhamishia kila kitu kwenye bei rahisi. Hapo anayelipa ni msomaji, kwa muda wake. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani milisekunde 10 kwenda na kurudi kwa kila kilomita 1,000. Kati ya Cape Town na Frankfurt ni zaidi ya kilomita 9,000 kwa mstari ulionyooka, na mikongo hainyooki. Milisekunde 150 ni jambo la kawaida. Muunganisho mpya ulio salama unahitaji safari kama tatu za kwenda na kurudi kabla ya herufi ya kwanza kuonekana: karibu nusu sekunde ya skrini nyeupe.

Mimi ningeigawa tovuti. Katika zile megabaiti 2, maandishi yenyewe pengine ni kilobaiti 50. Zidisha kwa mara 500,000: gigabaiti 25, zinazoenea ndani ya zile 100 za bure. Seva ya kurasa na hifadhidata inaweza kukaa Cape Town, karibu na wasomaji wake, bila kulipia hata senti ya data. Picha ndizo nzito, na picha hazibadiliki kila dakika. Ziwekwe penye bei rahisi na nakala zake zihifadhiwe kwenye kache, yaani hifadhi za muda zilizo karibu na wasomaji. Picha ikichelewa kidogo msomaji ameshaanza kusoma.

Mgawanyo huu una mipaka yake. Faili linaloombwa mara moja kwa mwezi kache haitalikumbuka. Na video ya mubashara ni nzito, ni mpya kila sekunde, na watazamaji hufika kwa pamoja, saa ileile ambayo kipimo kiko juu. Mfano ni Korea Kusini: si kisiwa cha mbali, na nyuzi inazo tele, lakini kanuni zake za tangu 2016 zinafanya kampuni zinazotoa huduma ya intaneti zilipane, inayotuma data ikiilipa inayoipokea. Twitch, jukwaa la video za mubashara, ilisema ada za mtandao huko ni mara 10 ya nchi nyingi nyingine. Ilijaribu kwanza kupunguza ubora wa picha, na tarehe 27 Februari 2024 ikafunga biashara yake nchini humo.