Skrini mbili zisizofanana: lawama za Wayland na deni la X

Mezani kwangu kuna laptopu ya inchi 14 yenye pikseli 1920 kwa 1080, na pembeni yake monita ya inchi 19 ya umbo la zamani lililokaribia mraba, pikseli 1280 kwa 1024. Monita hiyo ni mtumba. Ilishafanya kazi ofisini kwa watu huko Ulaya, ikaletwa kwa kontena, nikaipata kwa bei inayotoka mfukoni bila kumkopa mtu. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu, kwa hiyo siku nzima nahamisha madirisha: maandishi kushoto, ukurasa uliopangwa kulia.

Skrini ya laptopu hiyo ina nukta kama 157 kwa kila inchi. Monita ina kama 86. Alama ndogo ya pikseli 24, mfano ile ya kuhifadhi faili, ina upana wa takriban milimita 4 kwenye laptopu na milimita 7 kwenye monita. Ukiwa ndani ya X11, au X kwa kifupi, yaani mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye Linux, chukua dirisha la maandishi ulikokote taratibu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, halafu simama katikati. Mstari uleule unaanza kwa herufi ndogo za kusomwa kwa kukunja uso, unavuka ukingo, unamalizikia kwa herufi zilizokaribia kuwa kubwa maradufu. Hakuna kilichoharibika. Pikseli ni zilezile kwa idadi, ila za upande huu ni ndogo na za upande ule ni kubwa, na X inazihesabu tu, haizipimi.

Nimeanzia hapo kwa sababu mjadala wa kuiacha X na kuhamia Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi yake, umepasahau. Mwaka 2025 mambo yalikwenda kwa kasi: Mei, Red Hat Enterprise Linux (RHEL) 10 ilitoka bila seva ya Xorg, yaani programu inayoiendesha X; Septemba, GNOME 49, toleo la mojawapo ya maeneokazi makuu ya Linux, ikaja ikiwa imezima njia ya kuingia kwa X11 isipokuwa msambazaji wa Linux (mfano Ubuntu) aiwashe mwenyewe; Oktoba, Ubuntu 25.10 ikaiondoa njia hiyo. Novemba, watu wa KDE wakatangaza kwamba Plasma 6.8, eneokazi lao, itakuwa ya Wayland peke yake. Waliozoea X wamekasirika. Wanasema wamenyang'anywa kitu kinachofanya kazi, wakapewa kitu kilichoanza kujengwa 2008 na mpaka leo hakijakamilika. Hasira hiyo ina sababu zake, na nyingine ni nzito. Ila kwa mtu mwenye skrini mbili, neno "kinachofanya kazi" linahitaji kupimwa kabla ya kukubaliwa.

X11 ilitoka MIT mwaka 1987, na skrini ya pili ilikuwamo akilini tangu mwanzo. Kila skrini ilikuwa na namba yake, :0.0 na :0.1, na seva ilijua urefu na upana wa kila moja kwa milimita. X ya mwanzo, basi, ilijua vizuri kwamba skrini mbili zinaweza kutofautiana. Kasoro yake ilikuwa moja: dirisha lililofunguliwa kwenye skrini ya kwanza liliishi na kufia humohumo, hakuna kulivusha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja Xinerama, kazi iliyoanzia kampuni ya DEC, ikazishona skrini zote kuwa uwanja mmoja wa pikseli. Madirisha yakaanza kuvuka, watu wakafurahi, nao walikuwa na haki. Mwaka 2007 RandR 1.2, nyongeza ya X ya kusimamia skrini, ikaongeza uwezo wa kuchomeka monita bila kuwasha X upya. Uwanja ukabaki uleule mmoja. Ni kama doti ya khanga ambayo haijakatwa: ukiitazama unaona vipande viwili, lakini kwa X ni kitambaa kimoja kutoka pindo hadi pindo.

Deni lilianzia hapo. Ili dirisha livuke, X iliacha kuzitendea skrini kama vitu viwili vyenye vipimo tofauti. Kwa wakati ule lilikuwa deni la busara, maana monita za mezani zilikaribiana sana kwa wingi wa nukta na tofauti haikuonekana kwa macho. Laptopu zenye nukta zilizobanana zilipoanza kukaa kando ya monita za kawaida, deni likaiva.

Mtetezi makini wa X atanijibu kwamba RandR bado inataja milimita za kila monita, kwa hiyo programu yenyewe inaweza kuzisoma na kujikuza. Ni jibu zuri, na ni la kweli. Qt, maktaba ya kutengenezea programu za madirisha, ina uwezo huo tangu toleo la 5.6 la mwaka 2016, hata ndani ya X11. Shida ni kwamba linabaki jambo la kila programu na hiari yake. GTK, maktaba nyingine ya aina hiyo, haikulifanya ndani ya X11. Programu za zamani hata hazijui kwamba jambo hilo lipo. Kwa hiyo mezani pale pale, dirisha la faili linapungua vizuri likihamia kwenye monita, kivinjari kinavimba, na programu ya kupangia kurasa inafanya lake la tatu.

Njia nyingine ni ile amri ambayo kila mwenye skrini mbili amewahi kuijaribu, xrandr na nyongeza ya --scale 2x2. Unakuza kila kitu mara mbili ili laptopu isomeke, kisha unaiambia X kwamba monita ndogo ichorewe picha kubwa na kuibana. Monita yangu ina pikseli 1,310,720. Kwa amri hiyo kadi ya picha inachora 5,242,880, halafu robo tatu ya kazi hiyo inapotelea kwenye kubana, na herufi zinatoka zikiwa na ukungu. Mwenye mashine mpya hatajali sana. Mwenye laptopu ya mtumba yenye kadi dhaifu atasikia feni ikianza kulia. Ninalirudia jambo hili kwa sababu mchanganyiko wa skrini hizi si anasa ya mtu mwenye monita ya bei mbaya. Ndio hali ya kawaida ya anayeunga vifaa kadiri anavyovipata, na huyo ndiye ambaye X ilimsahau kwa muda mrefu zaidi.

Kristian Høgsberg alipoianzisha Wayland mwaka 2008 akiwa Red Hat, aliuondoa uwanja wenyewe. Hakuwa mtu wa nje aliyekuja kubomoa nyumba ya wenzake. Yeye na wengi waliomfuata walikuwa watu wa X, waliozijua nyufa zake kwa kuzikarabati. Ndani ya Wayland programu haijui iko wapi kwenye meza yako. Inachora kwenye turubai yake na kuikabidhi kwa kompozita, yaani programu inayokusanya turubai zote na kuzionyesha kwenye skrini (KWin, Mutter, Sway au nyingineyo), na kompozita ndiyo inayoamua turubai ikae wapi na kwa ukubwa gani. Dirisha likigusa skrini nyingine, programu inapewa habari, inajichora upya kwa kipimo cha huko.

Sasa rudia jaribio la mwanzo. Kokota dirisha, simama katikati ya skrini mbili. Mstari wa maandishi unavuka ukingo ukiwa na urefu uleule wa herufi machoni. Upande mmoja utaona ukungu kidogo, kwa kuwa kompozita imechagua kipimo kimoja na kuubana au kuukuza upande wa pili. Ukishalivusha dirisha lote, ukungu unaondoka.

Lakini haikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, na hapa lawama za upande wa pili ni za haki kabisa. Kwa miaka mingi Wayland ilijua kukuza kwa namba nzima tu: mara 1, mara 2, mara 3. Laptopu yangu inataka karibu asilimia 175 ili ilingane na monita. Kompozita ilikuwa inaiomba programu ichore mara 2, kisha inaipunguza, yaani ujanja uleule wa xrandr kwa jina jipya. Itifaki ya kukuza kwa sehemu, yaani kanuni za jinsi programu na kompozita zinavyoongea kuhusu jambo hilo, ilikubaliwa Novemba 2022, miaka 14 baada ya mradi kuanza. Ndani yake kipimo huandikwa kwa sehemu za 120: moja na nusu ni 180, asilimia 175 ni 210. Namba hiyo inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6 na 8, kwa hiyo vipimo karibu vyote ambavyo mtu angevitaka vinakaa bila masalia. Ni kazi safi na fupi, na ndiyo inayoniuma zaidi nikifikiri ilivyochelewa. Miaka yote ile watetezi wa Wayland waliwaambia watu kwamba skrini mchanganyiko ndizo sababu ya kuhama, huku aliyehama akikuta ukungu uleule aliouacha.

Bado kuna kilio kikubwa kuliko hicho, nacho ni mahali pa dirisha. Fikiria chumba cha uangalizi chenye monita sita, ambamo programu hufunguka kila asubuhi na kulipeleka kila dirisha kwenye monita yake: ramani hapa, chati pale, kamera kule. Kwa X ni mistari michache ya skripti, kwa wmctrl au xdotool, zana za kuamrisha madirisha. Kwa Wayland, itifaki ya madirisha ya kawaida haina ombi la "niweke mahali hapa". Haikusahaulika, imekataliwa kwa makusudi. Na aliyezoea xrandr, amri moja iliyofanya kazi kwenye kila eneokazi, sasa anakuta gdctl kwa GNOME, kscreen-doctor kwa KDE na wlr-randr kwa Sway. Aliyekuwa na skripti moja ya kupanga skrini zake ana tatu za kujifunza, au anachagua eneokazi moja na kufungwa nalo.

Malalamiko mengine yana uzito wake: kufungua dirisha kutoka mashine ya mbali kwa ssh -X, visoma-skrini vya wasioona vilivyotegemea kusikiliza vitufe vyote, rangi za wachapaji ambazo itifaki yake ilingojea hadi Februari 2025. Ila hayo yana njia zinazojulikana, hata kama zimechelewa. La mahali pa dirisha ndilo linalogusa msingi.

Wanaoitetea X wana hoja nzito hapa, ambayo wenzangu wanaoitetea Wayland huikwepa. macOS na Windows zinaruhusu skrini zenye nukta tofauti, na bado programu inaweza kusema dirisha likae wapi. Kumbe vyote viwili vinawezekana pamoja. Ni kweli, vinawezekana pale ambapo kampuni moja ndiyo inayochora eneokazi na kila programu inajua inaongea na nani. Wayland inatakiwa itumike pia kwenye Sway, ambako madirisha yanapangwa kama vigae na programu haina la kusema, kwenye simu, na kwenye dashibodi za magari. "Pikseli 300 kutoka kushoto" haina maana kwenye mengi ya maeneo hayo. Na ndani ya X kila programu inaweza kuona madirisha ya wenzake na vitufe vinavyobonyezwa, maana uwanja ni wa wote. Kuufunga uwanja huo kulifunga mlango wa wezi, kukafunga na wa mwenye skripti.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba Wayland iko sahihi kuhusu nani anapaswa kujua ramani ya meza. Kompozita ndiyo inayoziona skrini zote, na ndiyo inayostahili kukumbuka. Dawa ya chumba cha uangalizi ni programu iseme "mimi ni lile dirisha la jana", na kompozita ilirudishe ilipoliacha, hata kama jana monita ilikuwa kulia na leo iko kushoto. Skripti ya pikseli haiwezi hilo: ukizibadilishia monita nafasi, inalipeleka dirisha mahali pasipo sahihi, na ukiichomoa moja inalitupa nje ya macho. Mapendekezo ya itifaki ya namna hiyo yamejadiliwa kwa miaka, na yangeharakishwa kwa nguvu ileile iliyotumika kutangaza tarehe za kuiondoa X.

Hapo ndipo ninapoachana na upande wangu. Mpangilio wa hatua ulikuwa na kasoro. Kukumbuka nafasi za madirisha kulipaswa kutangulia, kuzima X kufuate. KDE wamesema X11 itaendelea kuhudumiwa ndani ya Plasma hadi mapema 2027, na muda huo unatosha kulimaliza jambo hili wakilipa kipaumbele. Mwenye laptopu na monita moja ya mtumba kama mimi ahamie leo; atapata kitu ambacho kwa X angekitafuta kwa amri kumi na bado asikipate sawasawa. Mwenye monita sita na skripti iliyomtumikia miaka kumi, nisingemharakisha. RHEL 9 bado inayo Xorg ndani yake, na itahudumiwa hadi 2032.