Kofi la Ndimu

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, husoma kidogo na kusimulia sana. Safari hii alikuwa amesoma habari za kokteli ya jini na ndimu, kali, chachu, chungu, na kwa maelezo yake anayeijaza sukari bado mtoto. Mke wangu ndio kwanza alikuwa amepiga deki jikoni, akatufukuza na chupa zetu. Meza tukaiweka nje juani, saa sita mchana. Hilo la jua lishike, kesi yake iko mbele.

Vipimo vyake sina ubishi navyo: jini mililita 60, maji ya ndimu 30, shira kijiko kimoja, halafu toniki, ambayo uchungu wake ni wa kwinini, ileile dawa ya malaria. Ila kamulio hakulitaka. Alisema harufu yote iko gandani, basi akaziminya ndimu kwa viganja, maganda na nyama pamoja, mpaka vidole vikang'aa kwa mafuta. Mimi nilipewa kazi ya kushika barafu.

Sasa, jini na ndimu unavitikisa na barafu kwenye kopo la bati lenye kifuniko, unachuja kwenye glasi, ndipo toniki inafuata juu, taratibu, kwa sababu ina gesi. Shemeji akaimimina humohumo koponi.

"Shemeji, hiyo si ina gesi?"

"Shemeji, wewe shika barafu."

Akafunika, akainua kopo usawa wa sikio, akaanza kulitikisa kwa madaha, kiuno nacho kikifuata. Hakufika mbali. Kifuniko kikaaga, kikapita juu ya kichwa changu, na sijakiona mpaka leo. Vilivyokuwa ndani vikanijia vyote usoni. Nikapiga yowe la mtu aliyepandwa, na kwa kweli jini lilikuwa limenipanda hasa.

Shemeji ana huruma, hilo simnyimi. Akanifuta uso kwa viganja vilevile. Cha kulia kikatua shavuni kwangu, kikaganda hapo, huku ananipulizia macho na kusema, "Tulia, tulia." Kisha akaenda kunawa mikono kwa sabuni, mtu msafi. Mimi nikasuuza macho tu, nikakaa juani kukausha shati. Duru ya pili ilikorogwa kwa kijiko, toniki ikawekwa mwisho, na ikatoka vizuri: ulimi unakunjamana kwanza kwa ndimu, halafu uchungu unabisha hodi nyuma kooni. Nikasamehe.

Siku ya pili yake, nanyoa ndevu, shavu likawaka. Nikatazama kioo. Kidole gumba karibu na pua, vinne vikielekea sikioni, vyekundu, vimevimba. Kadiri siku zilivyokwenda wekundu ukageuka weusi, na mkono ukazidi kusomeka. Hata mwanya kati ya kidole cha kati na cha pete ulionekana.

Kazini hakuna aliyeuliza, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika. Walinipa pole kwa kunong'ona. Mwenzangu mmoja alinivuta pembeni akaniambia ndoa yake nayo ilipita huko, nivumilie. Nikisema ni ndimu, wanatikisa vichwa kwa huzuni zaidi.

Hata daktari alianza kwa kumwomba mke wangu asubiri nje. Akafunga mlango, akashusha sauti: "Bwana, nyumbani kuna amani?" Nikamsimulia, akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe kwenye ndimu, hasa gandani, mna kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikibaki kwenye ngozi na jua likazikuta, miale yake ile isiyoonekana kwa macho inaziamsha, nazo zinaunguza ngozi. Si mzio, ni kuungua, na humpata yeyote. Huanza kuonekana baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana mtu hakumbuki alishika nini; na doa lake linaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi. Dawa kubwa ni kunawa kwa sabuni kabla ya kukaa juani. Nikamkumbuka shemeji na usafi wake.

Aliyeumia kuliko mimi ni mke wangu. Majirani walianza kumsalimia kwa mbali, na wanaume wa mtaa mzima wakawa wananiita niende kupumzika kwao. Siku moja akachoka. Akamwita mdogo wake, akawaita na majirani, akanikalisha kitini katikati yao.

"Weka mkono wako hapo," akamwamuru.

Shemeji akaweka kiganja shavuni kwangu. Kikaingia kidole kwa kidole, na mwanya wake.

Majirani wakatazamana. Mzee mmoja akashusha pumzi, akamgeukia mke wangu kwa unyenyekevu mkubwa.

"Mama, tusamehe sana. Kumbe anayempiga ni shemeji yake."