Sam mvuvi na kicheko cha Quidor

Mwaka 1832 mchoraji Mmarekani John Quidor alichora wachimba hazina kutoka katika hadithi ya mwandishi Mmarekani Washington Irving. Watu watatu wanafukua usiku wakitafuta mali ya maharamia: Wolfert Webber mwenye asili ya Kiholanzi, daktari Mjerumani, na Sam, mvuvi mweusi. Mzimu unawachungulia kutoka juu. Wote wameingiwa na hofu, lakini moto umemmulika Sam akikwea kutoka shimoni, macho yamemtoka pima. Picha iko katika Makumbusho ya Brooklyn.

Quidor hulaumiwa kwamba alimdhihaki mtu mweusi. Wanaomtetea husema hakumbagua mtu: Mholanzi naye kachorwa kikaragosi, na Irving mwenyewe aliwacheka wote watatu. Hilo ni kweli, na lazima likubaliwe.

Wanaomlaumu, ambao husingiziwa kwamba wanataka picha iteremshwe ukutani, wanauliza jambo jingine kabisa: kicheko kikiisha, nani anabaki nacho mwilini? Mwaka huohuo wa 1832 Martin Van Buren, mtu wa ukoo wa Kiholanzi, alichaguliwa Makamu wa Rais wa Marekani. Mzaha haukumpunguzia kitu. Kwa Sam hesabu ni nyingine. Utumwa ulikuwa umekomeshwa New York mwaka 1827, miaka mitano tu nyuma. Katiba ya jimbo ya 1821 iliwalegezea wazungu masharti ya kupiga kura, ikamtaka mwanamume mweusi amiliki ardhi ya dola 250. Dola 250! Mvuvi angeuza samaki wangapi kufikia hapo? Na sharti hilo halikuondoka hadi 1870. Mtu anayenyimwa kura kwa madai kwamba hana akili timamu ya uraia, picha ya macho yaliyomtoka inamwongezea ushahidi wa uongo.

Tena katika hadithi Sam ndiye anayepajua mahali penyewe. Bila yeye wale wawili wasingefika. Ujuzi huo kwenye turubai hauonekani.

Wengine watasema ndivyo zama zilivyokuwa. Basi na watazame kazi ya mchoraji William Sidney Mount ya 1845, jimbo hilohilo la New York, uvuvi wa mikunga huko Setauket. Mwanamke mweusi amesimama kwenye omo ya mashua, mkuki mikononi, macho majini. Tezini amekaa mtoto wa kizungu na kafi lake. Maji yametulia, na mwanamke hana haraka.