Nani alimtuma Nkrumah kuitoa dhahabu?

Julai 2, 2010, Ghana na Uruguay, robo fainali ya Kombe la Dunia. Tulibanana kwenye kibanda umiza, na jamaa mmoja alikuja na bendera ya Ghana aliyoishona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa vya fundi. Nyota ya katikati aliikata kwenye tyubu ya baiskeli, pembe moja ikatoka fupi. Karibu saa sita usiku Asamoah Gyan wa Ghana akagongesha penalti mwamba. Jamaa akajifunika uso kwa bendera ile, na hakuna aliyemtania.

Aliyeibuni bendera ya Ghana ni mwanamke, Theodosia Okoh, mwalimu na msanii. Ilipandishwa Accra usiku wa kuamkia Machi 6, 1957. Rangi ni zilezile za Ethiopia, ila zilipewa maana ya kwao: nyekundu ni damu ya waliopigania uhuru, njano ni madini, kijani ni misitu. Nyota nyeusi ni uhuru wa Mwafrika, na nyuma yake kuna kivuli cha Marcus Garvey, Mjamaika aliyeanzisha kampuni ya meli ya Black Star Line mwaka 1919. Kwa macho yangu, ujanja wote uko pale nyeusi inapokaa juu ya njano. Hata kwenye runinga yenye chenga unaiona.

Sasa njoo mwaka 1964. Ghana inageuzwa nchi ya chama kimoja, na njano inaondolewa, inawekwa nyeupe. Kwa nini? Kwa sababu rangi za CPP, chama cha Rais Kwame Nkrumah, zilikuwa nyekundu, nyeupe na kijani. Namheshimu sana Nkrumah, lakini hapa alinikera. Nchi ambayo mkoloni mwenyewe aliiita Pwani ya Dhahabu, unaitoaje dhahabu kwenye bendera yake? Februari 1966 wanajeshi walimpindua akiwa safarini Asia, na siku chache baadaye njano ikarudi. Siwashangilii wanajeshi, ila kwa njano nawapa haki yao.

Najua mtu ataniambia: mbona hata zetu zina asili ya vyama? Kweli. Nyeusi, nyekundu na kijani za Kenya zilikuwa za KANU, na kijani na nyeusi za Tanganyika zilitoka TANU. Lakini tazama kilichofanyika kabla ya uhuru: Kenya iliongezewa mistari myembamba myeupe, Tanganyika ikaongezewa ya njano, ili bendera ya chama iwe ya watu wote. Nkrumah alikwenda kinyume. Alichukua ya watu wote akaivalisha sare ya chama.

Okoh alikuwa pia mpenzi mkubwa wa mpira wa magongo, akaongoza chama cha mchezo huo Ghana, na uwanja wa magongo pale Accra ukapewa jina lake. Baadaye wakubwa wa jiji wakataka kulifuta waweke la marehemu Rais Atta Mills. Mama ana miaka zaidi ya 90, yu hai, anaona! Watu wakapiga kelele, Rais Mahama akaagiza jina la mama lirudishwe. Alifariki mwaka 2015, jina lake likiwa bado getini.