Farouk Hosni: miaka 23 waziri wa utamaduni Misri, hivi tumpe maua au tumdai?

Farouk Hosni ni mchoraji wa Alexandria, kapewa wizara ya utamaduni ya Misri mwaka 1987 na kaachia Januari 2011 baraza la Rais Mubarak lilipovunjwa huku uwanja wa Tahrir pale Cairo unawaka kwa maandamano. Mawaziri wakuu wanakuja wanaondoka, yeye yupo tu.

Wanaomtetea wana hoja, tusiwabeze. Jumba la makumbusho la Nubia kule Aswan lilifunguliwa 1997 enzi zake, tamasha la tamthilia za majaribio Cairo lilianza 1988, mtaa wa al-Muizz wa Cairo ya kale ulikarabatiwa mpaka ukawa wa kutembelewa kwa miguu (japo wataalamu wa majengo ya kale walilalamika kwamba kazi nyingine zililipuliwa), na hata lile jumba kubwa la makumbusho pale Giza lililozinduliwa rasmi Novemba 2025, jiwe la msingi liliwekwa 2002 yeye akiwa waziri. Waziri wa mwaka mmoja au miwili hawezi kuanzisha kitu cha hivyo.

Sasa geuza upande wa pili. Septemba 2005 ukumbi wa maigizo mjini Beni Suef ulishika moto kwa mshumaa, jukwaa limepambwa kwa karatasi, wakafa watu zaidi ya 40, wengi wasanii na wahakiki, yaani watu wa wizara yake kabisa. Akaandika barua ya kujiuzulu, Mubarak akaikataa, basi ikaishia hapo. Agosti 2010 mchoro wa Van Gogh ukaibwa mchana kweupe kwenye jumba la makumbusho la Mahmoud Khalil, Cairo, kuja kuangalia kamera zinazofanya kazi ni 7 kati ya 43 na alamu hazilii, na mchoro wenyewe ulishawahi kuibwa miaka ya 70! Aliyefungwa ni mkuu wa sekta ya sanaa wizarani, waziri kabaki. Kwangu mimi hili ndo doa kubwa, kwa sababu mtu ukikaa miaka 23 huna wa kumsingizia, hakuna waziri aliyekutangulia wa kubebeshwa kamera mbovu, ni zako.

Na msimamo wake? 2001 alifukuza maafisa wa wizara na kuondoa riwaya tatu baada ya mbunge wa Udugu wa Kiislamu (kundi la upinzani la kidini) kupiga kelele kuhusu maadili, halafu 2006 huyo huyo akasema hijabu ni kurudi nyuma, wabunge wakamshukia wakiwemo wa chama chake. 2008 tena bungeni akasema vitabu vya Israeli vikikutwa maktaba ya Alexandria atavichoma mwenyewe. Sasa unabaki kujiuliza jamaa ni mliberali au nini, maana kila alipobanwa alijibu kwa kuangalia nani yuko mbele yake.

Hiyo kauli ya kuchoma ndo ilimfuata 2009 alipogombea ukurugenzi mkuu wa UNESCO, shirika la UN la elimu na utamaduni lenye makao Paris. Aliomba radhi kwenye gazeti la Ufaransa, akaongoza raundi za mwanzo, ya tano akalala kwa Irina Bokova wa Bulgaria 31 kwa 27. (Wabongo mtakumbuka Profesa Muhongo naye alikuwemo kwenye kinyang'anyiro kile, hakufika mbali.) Yeye akadai ni njama za Wayahudi, na kweli kampeni ya kumpinga ilikuwepo na ilikuwa kali, lakini kulalamikia njama baada ya kutamka mwenyewe bungeni kuchoma vitabu, hapana kwakweli. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hata nyumbani kuna waandishi waliofurahi akikosa. Ukikumbuka 2003 mwandishi wa riwaya wa Misri Sonallah Ibrahim alipanda jukwaani akaikataa tuzo ya riwaya akisema serikali inayoitoa haina uhalali wa kuitoa, utaelewa hasira ile ilianza zamani sana, Paris ilikuja tu baadae.